Kabla ya Kununua Ruta, Tupime na Tusome

(Mazungumzo ya Afisa wa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo na viongozi wa vikundi)



Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Siku hizo watu wengi walijifunza kusoma kwa sababu ya barua. Mzazi alitaka kusoma barua ya mwanawe mwenyewe, bila kumwomba jirani amsomee mambo ya nyumba yake.

Leo barua ya mwanao inakuja ndani ya simu. Maombi ya mkopo wa chuo yanajazwa kwa intaneti. Habari za bei ya mazao zinapita huko huko. Haja ni ile ile ya zamani. Njia ndiyo iliyobadilika.

Kwa hiyo vikundi vingi vinatuuliza: tukichanga fedha, tununue chombo gani ili kaya kadhaa zitumie intaneti moja isiyo na waya? Hiyo ndiyo watu wanaita waifai. Leo tutalijibu swali hilo. Lakini kwanza hatuna budi kuwaeleza kosa moja. Kosa lenyewe ni letu.

KOSA LETU

Katika kijiji kimoja cha kata yetu kaya 6 ziliungana. Kila kaya ilichanga shilingi 35,000. Jumla ikawa shilingi 210,000. Mama mmoja, mhitimu wa kisomo, aliuza mbuzi ili apate fungu lake. Binti yake alikuwa amemaliza kidato cha sita, naye alitaka kujaza maombi ya mkopo wa chuo akiwa nyumbani.

Kikundi kilituomba sisi watu wa elimu tuende mjini pamoja na wajumbe wawili. Tukaenda. Dukani tuliona ruta nyingi. Tukaipenda moja yenye antena 4. Tukasema moyoni, antena nyingi ndiyo nguvu nyingi. Muuzaji hakutuuliza kitu, nasi hatukumwuliza. Tukalipa.

Tulipofika kijijini tulitafuta mahali pa kuweka laini ya simu. Hapakuwapo. Ruta ile ilikuwa inasubiri kuletewa intaneti kwa waya, na waya wa namna hiyo unaishia mjini. Chombo kilikuwa kizima kabisa. Ila hakikuwa chombo cha kwetu.

Tulirudi dukani tukaambiwa boksi limekwisha kufunguliwa, hairudishwi. Kwa fedha iliyobaki tukanunua ruta iliyotumika, yenye mahali pa laini. Nayo ikakataa. Ilikuwa imefungwa itumie laini za kampuni moja tu, na mnara wa kampuni hiyo hausikiki kijijini pale. Fedha ikawa imekwisha.

Siku za mwisho za maombi zikafika. Yule binti ilimbidi apande bodaboda mpaka mjini na kulala huko siku mbili. Nauli na chakula vilimgharimu mama yake fedha nyingine. Kikundi kikaanza kulaumiana. Mama yule akaacha kuja darasani kwa wiki tatu.

Tukamwendea nyumbani kumwomba radhi. Hakutugombeza. Alitukaribisha, akatupa kiti, kisha akauliza swali moja tu: “Walimu, yale maandishi kwenye boksi mliyasoma?”

Hatukuyasoma. Sisi tuliomfundisha kusoma hatukusoma.

Ndugu zetu, kuuliza si ujinga. Ujinga ni kulipa kabla ya kuuliza. Haya tutakayosema sasa tuliyajifunza baada ya siku ile.

INTANETI INAFIKAJE NYUMBANI?

Fikirini bomba la maji la kijiji. Kuna kisima chenye maji. Kuna bomba linaloleta maji. Mwisho kuna koki, na watu wanakinga ndoo zao.

Intaneti ni hivyo hivyo. Inatoka kwenye kampuni ya mawasiliano. Inaletwa kwenu kwa njia mojawapo: kwa waya wa nyuzi za kioo unaoitwa faiba, kwa mawimbi ya mnara wa simu, au kwa setilaiti. Chombo kinachoipokea na kuigeuza iweze kutumika huitwa modemu. Chombo kinachoigawa kwa watu wengi huitwa ruta. Mara nyingi modemu na ruta vimo ndani ya boksi moja. Lakini si kila ruta ina modemu ndani yake. Hapo ndipo tulipokosea sisi.

Shikeni neno hili: ruta haitengenezi intaneti. Inagawa tu ile iliyofika. Ukiweka koki ya dhahabu kwenye kisima kikavu, hutapata maji.

HATUA YA KWANZA: PIMENI MNARA

Vijiji vyetu vingi havina faiba. Tegemeo letu ni mnara. Basi kabla ya kuchanga hata senti, pimeni mnara. Hamhitaji mtaalamu. Mnahitaji simu moja kubwa yenye 4G, laini za kampuni mbalimbali, na daftari.

Chukueni laini ya kila kampuni. Ipimeni ndani ya nyumba, dirishani, na nje uani. Ipimeni asubuhi, kisha saa 2 usiku, maana usiku watumiaji ni wengi na kasi hupungua. Zipo programu za simu za kupima kasi. Zinatoa jibu kwa megabiti kwa sekunde. Kila namba iandikeni pamoja na mahali na saa.

Mtaona mambo ya ajabu. Mahali pamoja na pengine ni hatua kumi tu, lakini kasi ni tofauti sana. Bati huzuia mawimbi. Nyumba iliyoezekwa na kuzungushiwa bati inaweza kuwa kimya ndani, na nje mnara unasikika vizuri. Kilima nacho huzuia. Ukuta mnene wa tofali hupunguza. Dirisha la upande wa mnara ndilo mahali pazuri pa ruta, si sebule kwa sababu tu ndiyo yenye meza na kitambaa.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme asubuhi mmepata megabiti 12. Mtu anayetazama video aweza kuvuta megabiti 3. Mkigawa 12 kwa 3, watu 4 watatazama bila taabu. Tuseme usiku mmepata megabiti 4. Mtu mmoja atatazama, wa pili ataanza kukwamakwama. Ujumbe wa maandishi hula kidogo sana, kaya zote 6 zinaweza kuandikiana kwa pamoja bila shida.

Hiyo ndiyo kasi yenu. Hakuna ruta itakayoiongeza kupita mnara unavyotoa, ila ile yenye antena nzuri ya nje yaweza kuukamata mnara vizuri kuliko simu.

HATUA YA PILI: SOMENI BOKSI

Mkifika dukani msianze na bei. Msianze na idadi ya antena. Someni boksi, au mwambieni muuzaji awasomee huku nanyi mnatazama. Tafuteni mambo haya:

1. Mahali pa laini. Boksi liseme ruta inapokea laini ya simu, na kwamba ni ya 4G, ambayo huandikwa pia LTE. Msipoyaona hayo, rudisheni boksi mahali pake.

2. Kufungwa. Ulizeni kama ruta inakubali laini za kampuni zote. Nendeni na laini yenu, ile iliyofanya vizuri katika kipimo. Ombeni iwekwe ndani na kuwashwa mbele yenu kabla ya kulipa. Mhadhari hasa na zilizotumika na zilizoletwa kutoka nchi za mbali. Nyingine hazisikii masafa ya minara yetu.

3. Aina ya waifai. Tazameni herufi baada ya namba 802.11. Herufi n ni waifai ya 4, ac ni ya 5, ax ni ya 6. Kubwa ni mpya zaidi. Lakini kama kasi ya mnara wenu ni megabiti 12, hata ile ya 4 inatosha. Msilipe fedha nyingi kwa kasi ambayo haitafika kijijini.

4. Masafa. Kuna ruta za gigahezi 2.4 tu, na kuna zenye 2.4 na 5 pamoja. Masafa ya 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya ukuta vizuri zaidi. Ya 5 yana kasi kubwa, lakini hayafiki mbali. Kwa nyumba zetu, 2.4 ndiyo ya lazima. Ya 5 ni nyongeza.

5. Namba kubwa za kasi. Boksi linaweza kusema 300 au 1200. Hizo ni megabiti za juu kabisa kati ya ruta na simu, katika hali nzuri kuliko zote. Si kasi ya intaneti yenu. Tena msichanganye megabiti na megabaiti. Megabaiti 1 ni megabiti 8. Kwa megabiti 8 kwa sekunde, faili la megabaiti 60 litashuka kwa dakika moja hivi.

6. Ulinzi. Tafuteni herufi WPA2 au WPA3. Hizo ndizo kufuli. Ruta ya zamani yenye WEP peke yake msiichukue. Kufuli hilo lilikwisha kuvunjwa siku nyingi.

7. Matundu ya waya. Ruta yenye tundu la LAN inaweza kuunganishwa na chombo kingine baadaye. Tundu la antena ya nje nalo ni jambo jema kwa walio mbali na mnara.

Mwisho, ombeni risiti na mwandikiane siku ngapi mnaweza kuirudisha. Rahisi isiyo na risiti huja kuwa ghali.

HATUA YA TATU: NYUMBA MOJA HADI NYINGINE

Watu huuliza: waifai itafika nyumba zote? Jibu ni pimeni tena. Ruta ya kawaida hutosha nyumba moja na uani. Nyumba ya jirani iliyo karibu yaweza kupata kidogo. Nyumba iliyo upande wa pili wa bonde, hapana. Sababu ni hii: hata kama ruta ina sauti kubwa, simu yako ina sauti ndogo. Ruta inaita unasikia, wewe ukiitika haisikii. Mazungumzo ni ya watu wawili.

Kuna njia tatu za kufika mbali. Njia ya kwanza ni kuvuta waya kutoka ruta ya kwanza mpaka ruta ya pili katika nyumba nyingine. Waya huo usizidi meta 100, na uwe wa nje, usioharibiwa na jua. Njia ya pili ni vyombo viwili vya kurushiana mawimbi juu ya paa, vikitazamana bila mti katikati. Vinafika mbali, lakini fedha yake si ndogo na vinataka fundi. Njia ya tatu ni kile chombo kidogo cha kupokea na kurudia mawimbi. Ni cha bei nafuu, lakini vingi hupunguza kasi kama nusu, kwa sababu mdomo ule ule unaosikiliza ndio unaosema.

Jihadharini na radi. Huku kwetu Kanda ya Ziwa radi ni nyingi. Waya uliopita nje ni njia ya radi kuingia ndani. Wingu likitanda, chomoeni waya wa umeme na ule wa kati ya nyumba. Mfanye hivyo mapema, si mvua ikishaanza kunguruma juu ya vichwa.

HATUA YA NNE: UMEME

Nyuma ya ruta au kwenye chaja kumeandikwa volti na ampea. Tuseme ni volti 12 na ampea 1. Zidisheni: 12 mara 1 ni wati 12, hicho ndicho kiasi cha juu. Ikiwaka saa 6 kwa siku, 12 mara 6 ni 72. Paneli ya sola ya wati 20 ikipata jua kali saa 5 hutoa 100 katika karatasi, na pungufu ya hapo katika kazi. Itatosha ruta, lakini msitegemee iwashe na taa zote na kuchaji simu za kijiji kizima. Wala msiunge ruta kwenye betri bila fundi kuangalia volti. Ruta za volti 5 na 9 zipo pia, na volti kubwa huzichoma.

HATUA YA TANO: KUGAWANA

Hili ndilo gumu kuliko yote. Chombo kibovu hubadilishwa. Ujirani ukivunjika, haununuliwi dukani.

Kaeni pamoja kabla ya kununua. Andikeni mapatano. Chukueni mfano: mmenunua bando la GB 30 kwa mwezi, nanyi ni kaya 6. Kila kaya ina GB 5. GB 1 tuihesabu MB 1,000. Basi kaya ina MB 5,000 kwa siku 30, yaani kama MB 166 kwa siku. Sasa sikilizeni. Saa moja ya video inaweza kula GB 1 au zaidi. Kijana akitazama mpira kwa saa tano, amemaliza fungu la nyumba yake kwa mwezi mzima. Baada ya hapo anakula la jirani, na jirani hajui.

Kwa hiyo pataneni: video ni za lini? Nani anaruhusiwa kuingiza simu mpya? Mgeni akija apewe au asipewe? Neno la siri liwe refu, libadilishwe kila mtu anapotoka katika kikundi. Liko na neno la siri la pili, lile la kuingilia ndani ya ruta kupanga mambo. Nalo libadilisheni siku ya kwanza, maana lile la kiwandani huandikwa kwenye kibandiko na kila mtu hulisoma.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mchango uandikwe, na kila bando liandikwe siku lilipoingia.

Na jambo la sheria. Kuchangia bando nyumbani kwenu ni jambo moja. Kuuza huduma ya intaneti kwa umma ni jambo jingine. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka watoa huduma wawe na leseni, na mamlaka inayohusika ni TCRA. Kikundi kikitaka kufanya biashara, kiulize huko kwanza.

KIKUNDI KILE KIKOJE SASA?

Mtataka kujua. Baada ya kuuza pamba, kikundi kilikaa tena. Si wote waliokubali kuchanga mara ya pili, nasi hatuwalaumu. Safari hii mama yule ndiye aliyeshika daftari. Walipima mnara siku tatu, nyumba zote 6. Ikaonekana mahali pazuri ni dirisha la nyumba yake mwenyewe, lile la jikoni.

Alikwenda mjini na laini yake mkononi. Tuliambatana naye, lakini tulinyamaza. Alisoma boksi la kwanza, akalirudisha. Akasoma la pili, akaomba iwashwe. Ikashika mnara. Ndipo akalipa.

Na ile ruta yetu ya antena 4 iliyolala kabatini? Haikupotea. Waliivutia waya wa meta 40 kutoka ruta mpya mpaka nyumba ya pili, nayo inagawa huko. Sasa nyumba 4 zinapata ndani. Nyumba 2 hazipati, ziko mbali. Watu wake huja jioni kukaa chini ya mwembe wa mama yule, na mchango wao ni nusu. Wamekubaliana hivyo, na imeandikwa.

Mama yule amerudi darasani. Siku ya kwanza alikuja na lile boksi tupu. Akaliweka mezani akasema, “Leo tusome hili.” Tukalisoma, darasa zima, mstari kwa mstari.

Ndugu wahitimu, kusoma mnajua. Kujua kusoma na kutosoma ni sawa na kuwa na jembe na kulima kwa mkono. Pimeni, someni, pataneni, kisha ndipo mnunue.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Modemu na ruta vina tofauti gani? Kijijini kwenu intaneti inafika kwa njia ipi?
2. Pimeni kasi mahali patatu, asubuhi na usiku. Andikeni majibu katika daftari.
3. Bando ni GB 20, kaya ni 5. Kila kaya ina MB ngapi kwa mwezi? Kwa siku je?
4. Andikeni mapatano matano ambayo kikundi chenu kingeyafuata.